Kulala Vibaya Si Ushujaa

Yako maneno yanayosemwa kwa mzaha lakini ndani yake mna imani nzito. Maneno ya namna hiyo niliambiwa asubuhi moja ya mwezi Juni, mwaka 2022, kwenye kituo kimoja cha mafuta mjini Mafinga. Nilikuwa nimesimamisha pikipiki yangu, mzigo umefungwa nyuma na pembeni, nikisubiri kujaziwa tenki. Kando yangu walikuwa vijana wa bodaboda. Mmoja wao, ambaye nilimfundisha darasa la nne, alinisalimu kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Kisha akautazama mzigo, akaona foronya imechungulia kwenye mfuko, akasema: "Sasa Mwalimu, hii ni safari au unahama? Safari ya mwanamume ni jaketi na mswaki!" Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Nilicheka kwa sababu ni watoto wangu. Lakini njia nzima hadi Makambako nilikuwa nabishana nao moyoni, na insha hii ndiyo mwisho wa ubishi ule.

Nasema hivi, tena bila kupepesa macho: mtu mwenye uwezo wa kulala vizuri safarini, akachagua kulala vibaya ili aonekane imara, ni mzembe aliyeupa uzembe wake jina zuri. Uvumilivu ni mali. Mwenye busara huiweka akiba kwa ajili ya shida asiyoweza kuikwepa, kama vile ugonjwa, njaa, msiba na uzee. Anayeitumia akiba hiyo kushindana na baridi ambayo blanketi moja lingeimaliza, huyo ni mfujaji.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa watu 3: mimi, bwana shamba mmoja mstaafu ambaye ni rafiki yangu wa miaka mingi, na kijana fundi seremala aliyeomba kufuatana nasi. Kila mtu alikuwa na pikipiki yake. Tulikusudia kwenda Njombe, kisha Makete, tukatize nyanda za Kitulo, tushukie Isyonje kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu, halafu tuteremke hadi Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Kila jioni tungeomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji na kupiga hema mahali atakapotuonyesha.

Msomaji aitazame ramani hiyo kwa jicho la mwalimu wa jiografia. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Matema haifiki hata mita 500. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Basi ndani ya siku moja tu mtu anatoka kwenye jalidi iliyoganda juu ya nyasi na kuingia kwenye joto la miembe na mbu. Katikati yake ipo Tukuyu, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Safari ya namna hiyo haiendwi na jaketi na mswaki.

Fundi wetu alikwenda hivyo hivyo. Jioni ile karibu na Kitulo, bwana shamba nami tulipotandika, yeye alisema atalala kando ya moto, kwani amezoea. Usiku nilimsikia akisukuma kuni, akisimama, akitembea, akirudi kuchuchumaa. Nilimwita aingie hemani achukue blanketi moja. Akajibu: "Niko sawa, Mwalimu." Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, naye macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha matangani.

Asubuhi hiyo, tukiwa mteremkoni kuelekea Isyonje, nilikuwa nyuma yake. Niliiona pikipiki yake ikiacha njia taratibu, pasipo kona wala shimo, kama ng'ombe anayekwenda malishoni. Iliingia mtaroni, ikamtupa. Mungu alimhurumia: mtaro ulikuwa na majani, upande wa pili ulikuwa na bonde. Aliumia bega na kupasua taa. Tulipomwinua alisema jambo moja tu: "Nilisinzia."

Hapo ndipo nawaomba vijana wangu wa kijiweni waache kucheka kidogo. Dereva wa gari ana mlango na mkanda. Mwendesha pikipiki kinga yake kubwa ni akili iliyo macho, na akili haiwi macho mchana ikiwa mwili haukulala usiku. Tunakagua breki, tunakagua tairi, tunakaza cheni, halafu tunapuuza usingizi kana kwamba si sehemu ya chombo! Godoro langu jembamba na foronya yangu ni vifaa vya usalama sawasawa na kofia ngumu.

Najua nitakavyojibiwa. Wataniambia: "Wazee wetu walilala chini, wala hawakufa." Jibu hilo hutolewa na watu wasiowajua wazee wao. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliotembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo katika karne ya 19, walibeba mizigo ya matajiri mabegani, na juu ya mizigo hiyo walibeba mikeka yao ya kulalia na vyungu vyao vya kupikia. Walipofika mahali pa kulala walijenga vibanda vya nyasi na kuzungusha boma la miiba. Watu wale walijua shida kuliko sisi, na kwa kuwa waliijua, hawakuichezea. Wangemwona fundi wetu akichuchumaa motoni na jaketi lake wangemwuliza kama amefukuzwa kwao.

Hata Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, aliandika mwaka 1908 kwamba anayepata taabu kambini ni mgeni wa kambi. Skauti mzoefu, kwa maoni yake, anajua kujitengenezea raha. Huyo alikuwa jenerali wa jeshi, wala hakuna aliyemwita legelege.

Lakini jibu gumu zaidi sikulipata kwa vijana. Nililipata ndani yangu. Sauti iliniambia: "Mwalimu, imani hii waliipata wapi kama si kwako?" Na hili lazima nilikiri, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika nyanda hizi za baridi. Mwezi Julai tulikuwa tukipeleka wanafunzi kwenye michezo, mahali pa kulala siku 3. Wazazi waliwafungia watoto wao mablanketi. Nilipowakagua mstarini niliamuru mablanketi yote yabaki ofisini. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba mwanamichezo hahami na nyumba yake. Ni kweli lori lilikuwa dogo, lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilitaka nisifiwe kuwa mwalimu mkuu anayelea watoto imara.

Watoto walilala kwenye sakafu ya saruji, katika darasa ambalo madirisha yake hayakuwa na vioo. Mimi nililala kitandani, nyumbani kwa mwalimu mwenzangu. Usiku wa pili mvulana mmoja wa darasa la sita alianza kukohoa. Tuliporudi alikuwa na nimonia, akalazwa siku 16. Daktari alinieleza kwamba nimonia huletwa na vijidudu, hailetwi na baridi peke yake, lakini mwili uliochoka na kutetemeka usiku kucha hukosa nguvu ya kupigana. Nilikwenda kumwona mgonjwa. Mama yake alikuwa mlangoni mwa wodi, amejitanda blanketi la kijivu, lile lile nililolirudisha ofisini. Hakunitukana. Alisema: "Mwalimu, blanketi lilikuwapo." Kisha akaingia ndani.

Mtoto yule alipona, na leo ni baba mwenye familia. Hata hivyo maneno ya mama yake hayajanitoka. Shida ambayo dawa yake ilikuwapo, ikaachwa kwa ajili ya majivuno ya mtu mwingine, haimkomazi mtoto. Inamfundisha tu kwamba wakubwa hawamjali.

Sasa niseme ninachobeba, ili nisishutumiwe kwamba nalaumu bila kuelekeza. La kwanza ni kitu cha kuutenga mwili na ardhi. Wengi hubeba mablanketi mawili ya kujifunika na kulala juu ya majani mabichi, kisha hushangaa wanapotetemeka. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mimi nina kipande cha sponji chenye unene wa sentimita 3, nakiviringisha ndani ya nailoni. La pili ni ukavu. Ninazo nguo za kulalia na jozi moja ya soksi zisizovaliwa mchana hata mara moja, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo umo ndani ya mfuko mwingine. Mvua ya Tukuyu inaweza kunilowesha mchana wote. Usiku nitalala mkavu. La tatu ni chandarua, maana mbu waenezao malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na kule Matema hawamwulizi mtu kama ni shujaa. La nne ni kinywaji cha moto: jiko dogo la mafuta ya taa, sufuria moja, majani ya chai, tangawizi, na chupa ya chai ninayoijaza jioni ili alfajiri nisihangaike na kuni mbichi. Jiko hilo hukaa nje ya hema. Nakusihi, msomaji, usiingize jiko la mkaa wala la aina yoyote hemani ili upate joto; hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo imewaua watu wakiwa usingizini. Ama ile foronya iliyochekesha, ndani yake hamna mto. Usiku naijaza sweta na nguo za kesho.

Kufunga nako kuna elimu yake. Vitu vizito, yaani spana, pampu, maji na sufuria, hukaa chini katika mifuko ya pembeni, uzito ukiwa sawa kulia na kushoto. Vyepesi hukaa juu ya keria. Koti la mvua hukaa juu kabisa, kwa kuwa mvua haingojei mtu afungue mzigo. Nafunga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na baada ya kilomita 20 nasimama kukaza tena, maana mzigo hujikalia upya njiani. Tairi la nyuma naliongeza upepo kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza kwa mzigo.

Wala nisieleweke kwamba namtetea anayebeba nyumba. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa huyo. Katika safari yangu ya kwanza baada ya kustaafu, mwaka 2011, nilibeba kiti cha plastiki, mkaa nusu gunia, ndoo na vitabu 6. Mzigo ulipimwa kwenye mizani ya mahindi, ukawa kilo 52. Nilipopanda mlima wa kwanza gurudumu la mbele likawa jepesi kama karatasi, usukani haunisikii. Niligeuka nikarudi nyumbani nikiwa na aibu. Leo mzigo wangu ni kilo 23, na raha yangu ni kubwa kuliko siku ile. Kipimo changu ni kimoja: kitu kisichonisaidia kulala, kukauka, kula au kufika, kinabaki nyumbani.

Wapo pia watakaosema kwamba raha hiyo ni ya wenye fedha. Hema ndiyo ghali, sikatai. Langu lilinunuliwa mtumbani. Lakini sponji ni kipande kilichobaki kwa fundi wa makochi, mifuko ya pembeni ilishonwa na fundi cherehani kwa turubai kuukuu, na chandarua kipo katika nyumba nyingi. Jaketi la ngozi la fundi wetu lilimgharimu zaidi ya vyote hivyo.

Na kwa wanaouliza kwa nini mzee wa miaka 74 asilale gesti, nawajibu kwamba gesti hazioni jua likichomoza juu ya safu za Livingstone. Nimelala ndani ya kuta maisha yangu yote. Nataka miaka iliyobaki nilale nje, lakini nilale.

Tulipofika Matema, fundi alilala ndani ya chandarua cha bwana shamba kuanzia saa 1 jioni hadi jua lilipochomoza. Alipoamka aliniuliza sponji inauzwa wapi.

Basi vijana wangu wa kijiweni, mkiniona tena kituoni, chekeni mtakavyo. Lakini mmoja wenu anishikie huu mzigo upande wa pili, nikaze mpira vizuri.