Mambo ya Nyumbani: Mashine ya Kufulia Nayo Yataka Kufuliwa

Mwezi huu twataka kusema habari ya chombo kilichoingia siku hizi katika nyumba nyingi za miji yetu, yaani mashine ya kufulia. Wazee husema, Mganga hajigangi. Ndivyo ilivyo mashine hii: hufua nguo za jamaa nzima, lakini yenyewe haijifui.

Jambo hili lilitufika nyumbani kwetu. Nguo za mtoto zilitoka mashineni zikinuka kama kitambaa kilichokaa majini siku tatu, na juu ya shuka palikuwa na vipande vyeusi, laini, mfano wa masizi yaliyolowa. Tulidhani sabuni ni haba, tukaamuru izidishwe. Harufu nayo ikazidi. Mwishowe mama watoto akatia kidole chini ya mpira wa mlango, kikatoka kimejaa utelezi mweusi. Akasema, "Mwalimu, nguo si chafu; twafulia ndani ya uchafu." Tukanyamaza, maana shauri la sabuni lilikuwa letu.

Uchafu huo watoka wapi? Sabuni iliyozidi haisuuziki yote. Hushikamana na mafuta ya mwili, na dawa ya kulainisha nguo, na chokaa ya maji ya kisima, vikawa ukoga nyuma ya pipa lile lizungukalo, mahali pasipoonekana. Ukoga huo ni makao ya kuvu na vijidudu. Maji baridi hayauondoi, na sabuni ya maji aghalabu haina dawa ya kung'arisha iliyomo katika sabuni nyingi za unga. Basi azidishaye sabuni huwajengea vijidudu nyumba.

Mtu asiseme ni jambo dogo. Katika hospitali moja ya watoto nchini Ujerumani, tangu Aprili 2012 hata Mei 2013, watoto wachanga 13 na mtoto mwingine mmoja walionekana kuwa na kijidudu kimoja kilicho sugu kwa dawa. Baada ya kutafuta sana, chanzo kilionekana katika mashine ya kufulia, ya namna ile itumikayo majumbani, ambayo kofia na soksi za watoto zilifuliwa ndani yake. Kijidudu kilikuwamo katika kisanduku cha sabuni na katika mpira wa mlango. Hakuna mtoto aliyeugua; na mashine ilipoondolewa, jambo lile likakoma.

Basi, enyi akina baba na akina mama, fanyeni hivi kila mwezi.

Kwanza, chomoeni waya wa umeme. Toeni kisanduku cha sabuni, mkisugue kwa maji ya vuguvugu na mswaki wa zamani, pamoja na tundu lake.

Pili, kunjueni mpira wa mlango, mfute ndani ya mikunjo yake. Humo mtaona nywele, vifungo, na pengine senti.

Tatu, fungueni chujio lililo chini, maji yakiisha kupoa. Wekeni beseni na kitambaa, mzungushe polepole, maana maji hutoka. Mashine zifunguliwazo juu aghalabu zina kimfuko cha nyuzi, kigeuzeni mkioshe.

Nne, rudisheni kila kitu mahali pake, mwendeshe mashine tupu, bila nguo, kwa joto la nyuzi 60 au zaidi, pamoja na sabuni ya unga yenye dawa ya kung'arisha. Ikiwa mashine yenu haichemshi maji, fuateni kijitabu chake.

Hapa twaonya kwa nguvu: msichanganye kamwe dawa ya klorini na siki, wala na ndimu, wala na dawa nyingine ya kusafishia. Hutoka hewa yenye sumu, iumizayo macho na mapafu. Wako wadhanio kwamba dawa mbili zashinda moja. Katika jambo hili zaweza kuua.

Tena, pimeni sabuni kama ilivyoandikwa pakitini. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono msiitie katika mashine yenye mlango wa mbele, kwa kuwa povu lake ni jingi mno. Nguo zikiisha, zitoeni mara moja, mkaache mlango wazi kidogo ndani mkauke. Lakini penye watoto wadogo pawe na macho, wasije wakaingia humo kwa mchezo.

Sisi tulifanya hayo mara mbili katika juma moja, maana ukoga wetu ulikuwa wa siku nyingi. Maji ya kwanza yalitoka kama ya mtaro, ya pili yakatoka meupe. Nguo za mtoto sasa zanukia jua. Tangu siku ile mama watoto ndiye ashikaye kipimo cha sabuni, nasi twashika kitambaa cha kufutia mpira.