Nani aliuchagua msalaba wa Kasigau?

Agosti 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakasigau katika vijiji vilivyouzunguka mlima wao wa Kasigau na kuwapeleka uhamishoni Malindi. Wajerumani, waliokuwa wakivuka mpaka kuja kuihujumu reli ya Uganda, walikuwa wameishambulia kambi ya Waingereza hapo Kasigau, na wakubwa wa jeshi wakakata shauri kwamba wenyeji ndio waliowauza. Adhabu haikumtafuta mwenye hatia. Iliwaangukia wote, mzee, mjamzito na mtoto wa mgongoni. Huko pwani malaria na njaa viliwaua wengi, na waliosalia hawakurejea mlimani hadi miaka ya 1930.

Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji hivyo, pamoja na Rukanga, Bungule, Jora, Kiteghe na Ngambenyi. Hufikiwa kwa kuiacha barabara kuu ya Mombasa pale Maungu na kufuata vumbi kuelekea kusini, hadi mlima wa mita 1,641 usimame peke yake katikati ya nyika ya Tsavo. Ni nchi ya Wakristo. Na kwa historia kama hii mhubiri huwa na maelezo tayari mkononi, kwamba ule uhamisho ulikuwa msalaba wa Wakasigau, Mungu akiwapitisha motoni ili awatakase. Maelezo hayo yana faraja yake. Lakini yanamfanyia hisani kubwa afisa aliyetia sahihi amri ya kuwahamisha.

Msalaba wenyewe ulikuwa chombo cha kufedhehesha kabla haujawa cha kuua. Warumi waliuweka kwa ajili ya watumwa na waasi. Uasi wa Spartacus ulipozimwa mwaka 71 kabla ya Kristo, watumwa wapatao 6,000 walitundikwa kandokando ya barabara ya kwenda Roma, ili kila mpita njia aone na ashike adabu. Hakuna Mkristo anayedai kwamba watu hao 6,000 waliukomboa ulimwengu, ingawa maumivu yao hayakupungua hata chembe kuliko yale ya Golgotha. Injili ya Yohana, sura ya 10, inaitaja tofauti waziwazi: Yesu anasema kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, bali anautoa kwa hiari yake. Na Paulo, katika sura ya pili ya barua kwa Wafilipi, anamsifu aliyekuwa juu akashuka hadi hali ya mtumwa. Hamsifu mtumwa kwa sababu amekubali kubaki chini.

Wakristo wa mwanzo wa pwani ya Kenya wasingehitaji kufafanuliwa hilo. Wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa, waliokaa Freretown kuanzia 1875, au watoro waliokimbilia misheni ya Rabai. Tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru huko Rabai baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Aliyesimamia shughuli hiyo kwa niaba ya kampuni ya Waingereza aliitwa George Mackenzie, jina ambalo pwani hiyohiyo ingekuja kulisikia tena kwa namna nyingine kabisa. Watu hao, waliohubiriwa habari za Mungu aliyechukua hali ya mtumwa, siku hiyo hawakuambiwa warudi kwa mabwana wakajifunze unyenyekevu. Walipewa karatasi ya kuondokea.

Atakayebisha anaweza kufungua Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya pili, ambako watumwa wanahimizwa kuwatii hata mabwana wakali. Andiko lipo, na si haki kulifumbia macho. Ila hata hapo mwandishi anayaita mateso hayo kuwa ya dhuluma. Anamtia moyo anayepigwa, lakini hamsafishi anayepiga. Mahubiri mengi hushika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili njiani.

Kenya imeshuhudia njaa mbili kwa jina la imani au haki, na kuziweka pamoja kunafundisha kuliko vitabu vingi. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walianza kugoma kula katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele yao. Kwa mila nyingi za Kiafrika hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo kwa mama, wala hakuna laana kubwa kuliko hiyo kwa anayelazimika kuitazama. Kisha wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa 1993 wafungwa wakatolewa.

Njaa ya pili iligunduliwa Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi. Zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa. Upande wa mashtaka unadai mhubiri Paul Mackenzie aliwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na miongoni mwa mashtaka yake mna mauaji ya watoto 191. Yeye ameyakana yote. Uamuzi ni wa mahakama. Lakini mtoto hawezi kujitoa sadaka. Akinyimwa uji ametolewa na mwingine, na hapo msalaba hauna la kusema isipokuwa kumshitaki anayeshika funguo za ghala.

Makwasinyi ya leo haimo katika msiba wa namna hiyo. Dhiki yake ni ya polepole: kiangazi, maji ya mbali, na ndovu wa Tsavo wanaomaliza mahindi usiku mmoja, mara nyingine na maisha ya mtu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, na familia nyingi nchini zimeingoja kwa miaka. Wanapoambiwa kanisani wabebe msalaba wao, wanabebeshwa deni la serikali. Kasisi anayetaka kuwafundisha kujishusha anaweza kufunga kitabu cha mahubiri siku moja, akaandamana na mjane anayedai fidia hadi ofisi za serikali mjini Voi, akapanga foleni naye, akasukumwa kutoka dirisha moja hadi jingine kama anavyosukumwa yeye, na kurudi wiki inayofuata ikiwa fomu haijashughulikiwa.