Nchi Ndogo Yenye Bahari Kubwa

Msomaji atazamapo ramani ya Ulaya, huenda asikiangalie sana kisiwa cha Iceland, kilichoko mbali kaskazini. Nchi kavu yake ni kilomita za mraba 103,000 hivi, na sehemu kubwa ni milima ya moto, mawe na barafu, wala hailimiki. Lakini bahari iliyo chini ya mamlaka yake ni kilomita za mraba 750,000 na zaidi, yaani mara saba ya ardhi yake. Je, nchi hupataje kumiliki maji?

Yafaa tujue kwanza kwamba bahari hugawanywa kwa vipimo, kuanzia ukingo wa pwani maji yanapokupwa. Maili 12 za baharini za kwanza, yaani kama kilomita 22, ni kama ua wa nyumba: sheria za nchi hutawala humo, ijapokuwa meli za wageni zaweza kupita kwa amani. Kisha, hata kufikia maili 200, ni kama shamba. Mwenyewe ndiye mwenye haki ya mavuno, yaani samaki na mali iliyo chini ya maji, lakini hawezi kuwazuia wengine wasipite.

Haki hiyo Iceland haikuipata kwa urahisi. Watu wake waliishi kwa kuvua, na meli kubwa za kigeni, hasa za Waingereza kutoka Hull na Grimsby, zilikuwa zikikokota nyavu karibu na pwani yao. Kwa kuhofia samaki kwisha, Iceland ilisogeza mpaka wake hatua kwa hatua: maili 4 mwaka 1952, maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, na maili 200 mwaka 1975. Waingereza walikataa, wakaleta manowari kuwalinda wavuvi wao. Iceland haikuwa na jeshi, bali merikebu chache za walinzi wa pwani, ambazo zilikata kamba za nyavu za wageni. Merikebu ziligongana, na Februari 1976 Iceland ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mwezi wa Juni mwaka huo walipatana, na Waingereza wakaukubali mpaka. Tena tangu Januari 1977 Uingereza yenyewe ilijitwalia maili 200 za uvuvi!

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwaka 1972 Kenya, kwa kazi ya mwanasheria wake Bw. Frank Njenga, ilipeleka mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa shauri kwamba kila nchi ya pwani iwe na eneo lake la uchumi la maili 200. Shauri hilo liliingia katika mkataba wa sheria ya bahari uliotiwa sahihi Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, ulioanza kutumika mwaka 1994.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Samaki hawajui mpaka, na mawimbi hayawekwi nguzo. Iceland isingeyapima maji yake, ikayaandika katika sheria na kuyalinda, wageni wangaliendelea kuvuna, na wenyeji wangalibakiwa na mawe na barafu.