Kisasi, msamaha na somo la Elwak

Kila nchi yetu inaposhambuliwa, hutokea watu wakaishika Biblia na kudai kwamba Mungu mwenyewe ameamuru jicho kwa jicho. Hutokea pia wengine, wakiishika Biblia iyo hiyo, wakadai kwamba Mkristo wa kweli hana ruhusa ya kujikinga wala ya kuomba mkosaji aadhibiwe. Makundi haya mawili hubishana kwa sauti kubwa, kila moja likiona limeshinda. Kwa maoni yetu, yote mawili yamesoma nusu ya kitabu.

Suala hili si la wanafunzi wa teolojia peke yao. Katika eneo la Kaskazini Mashariki, jibu analolitoa mtu juu ya kisasi na msamaha limeamua mara nyingi nani ataishi na nani atakufa. Ndiyo sababu tunapenda kulitazama kutoka Elwak, mji mdogo wa Kaunti ya Mandera ulio mpakani mwa Kenya na Somalia, ambao jina lake hufasiriwa kuwa ni kisima cha Waaq, yaani Mungu kama walivyomwita wazee wa kale wa nchi hiyo.

Karibu na mji huo, tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walilishambulia kwa risasi basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera. Waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu, ambao ndio waliokuwa wengi, walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wauaji kwamba ama wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo, lakini mauaji makubwa yaliyokusudiwa hayakutimia. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu na Mwislamu, alipigwa risasi akiwa miongoni mwa waliokataa kujitenga, akafariki dunia Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta alimtunukia nishani mwaka uo huo.

Ili msomaji auone uzito wa kitendo hicho, ni lazima akumbuke yaliyotangulia. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wasiokuwa Waislamu waliteremshwa katika basi lililotoka Mandera wakauawa. Al-Shabaab walitangaza kwamba hicho kilikuwa kisasi kwa misako iliyofanywa na polisi katika misikiti ya Mombasa. Siku iliyofuata serikali yetu ikatangaza kwamba majeshi yake yamewaua zaidi ya watu 100 waliohusika, ng'ambo ya mpaka. Siku kumi baada ya mauaji ya basi, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa huko Kormey, karibu na mji wa Mandera. Miezi minne baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Ndege zetu za kivita zikashambulia kambi katika jimbo la Gedo siku chache baadaye.

Hatusemi kwamba mikono ya pande hizo mbili inalingana. Anayewachagua watu kwa dini yao na kuwafyatulia risasi wakiwa wamelala kifudifudi ni muuaji, na hakuna malalamiko yanayoweza kumsafisha. Tunalosema ni kwamba idadi ya maiti wa upande wa pili haikurudisha hata roho moja ya upande wetu, wala haikuzuia shambulio lililofuata. Kama kuua watu 100 kungekuwa dawa, wale 36 wa Kormey wasingaliuawa.

Basi na tuyatazame Maandiko yenyewe. Amri ya jicho kwa jicho imo katika Kutoka, katika Walawi na katika Kumbukumbu la Torati. Lakini wengi huisahau hadithi iliyotangulia sheria hiyo. Katika kitabu cha Mwanzo yupo Lameki, mzao wa Kaini, aliyejigamba mbele ya wake zake kwamba amemuua mtu kwa jeraha tu, na kwamba kisasi chake ni mara sabini na saba. Huo ndio uliokuwa mtindo wa dunia. Sheria ya Musa ilikuja kumfunga Lameki mikono. Ilisema jicho moja kwa jicho moja, na si kijiji kizima kwa jicho moja. Ilikuwa kizuizi cha hasira, nao wapenda kisasi wameigeuza kuwa kichocheo. Kumbukumbu la Torati hilohilo likaongeza kwamba baba asiuawe kwa kosa la mwanawe, wala mwana kwa kosa la babaye.

Kisha Yesu alipoulizwa na Petro kama inatosha kumsamehe ndugu mara saba, alijibu kwa hesabu inayomkumbusha msikilizaji Lameki: hesabu ile ya kisasi ikageuzwa kuwa hesabu ya msamaha. Tangu Mwanzo hadi Mathayo, basi, njia ni moja. Inatoka katika kisasi kisicho na mpaka, inapita katika adhabu yenye kipimo, na inafika kwenye msamaha.

Wapo watakaouliza, je, vipi Amaleki? Ni kweli kwamba katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Sauli anaamriwa kuliangamiza taifa hilo pamoja na watoto wake. Hakuna heshima katika kulificha fungu hilo au kulipaka rangi. Lakini Maandiko hayohayo yanamleta Ibrahimu akimsihi Mungu asiwaangamize wenye haki pamoja na waovu wa Sodoma. Yanamleta Yona aliyenuna kwa sababu Ninawi, mji wa adui, umesamehewa, naye akakemewa. Yanawaleta Yakobo na Yohana, waliotaka moto ushuke uteketeze kijiji cha Wasamaria kilichomkataa bwana wao, nao wakakemewa vivyo hivyo. Anayeruka kurasa hizo zote ili asimame kwa Amaleki amekwisha kuamua la kufanya kabla ya kufungua kitabu.

Lakini hadithi inayotugusa zaidi sisi Wakenya ni ile ya Shekemu, katika sura ya 34 ya Mwanzo. Dina binti Yakobo alitendewa uovu na mtu mmoja. Ndugu zake, Simeoni na Lawi, wakawaua wanaume wote wa mji huo. Kosa lilikuwa la kweli, na uchungu wa ndugu ulikuwa wa haki. Hata hivyo Yakobo, alipokuwa akifa, hakuwabariki kwa kitendo hicho; aliilaani hasira yao.

Mji wa Garissa uliiona hasira ya namna hiyo Novemba 2012. Baada ya wanajeshi watatu kuuawa na watu waliotoroka, askari waliingia mjini wakawapiga wakazi, na soko la Suuq Mugdi likateketea. Wachuuzi waliopoteza riziki yao hawakuwa wamemuua mtu. Elwak yenyewe ilikuwa imekwisha kuyaona mambo hayo. Oktoba 2008, katika operesheni ya kuwanyang'anya watu silaha baada ya mapigano ya koo, majeshi ya usalama yaliwakusanya wanaume na kuwapiga. Uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch ulionyesha kwamba zaidi ya watu 1,200 waliumizwa katika mji huo na mingine ya jirani. Na Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi, na wengi wakafungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Huko kote swali lililoulizwa lilikuwa lile la Simeoni na Lawi: huyu ni wa kabila gani? Na huo ndio mtenganisho walioudai wauaji wa basi.

Je, twaambiwa basi kwamba dola iweke silaha chini? La hasha. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, anawakataza waumini kujilipizia kisasi mwishoni mwa sura ya 12, na mara tu baada ya hapo, mwanzoni mwa sura ya 13, anasema kwamba mtawala hachukui upanga bure. Sura hizo mbili zimepakana kwa makusudi. Mtu binafsi ananyimwa kisasi kwa kuwa ipo mamlaka yenye wajibu wa kumwadhibu mwovu. Mtakatifu Augustino, katika karne ya 5, na Thomas Aquinas, katika karne ya 13, waliijenga juu ya msingi huo hoja ya vita vya haki. Aquinas alitaka mambo matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia iliyo sawa. Augustino alionya kwamba ubaya mkubwa wa vita ni ile tamaa ya kudhuru na ukatili wa kulipiza.

Kwa vipimo hivyo, serikali iliyotuma majeshi Somalia Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara Lamu na Dadaab, ilikuwa na haki ya kuuliza itawalinda vipi raia wake. Lakini kuna tofauti kati ya vita vya kumzuia mwuaji na vita vya kutuliza hasira ya wapiga kura. Vile vya kwanza hupimwa kwa usalama wa raia, na vile vya pili hupimwa kwa wingi wa maiti wanaotangazwa redioni. Kiongozi anayejibu kilio cha waliofiwa kwa kutaja hesabu ya waliouawa ng'ambo amerudi kwa Lameki, hata kama anakwenda kanisani kila Jumapili.

Tunao mfano bora kuliko huo. Julai 2019 mahakama mjini Nairobi iliwahukumu watu watatu kwa kushiriki katika njama ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja alipewa kifungo cha maisha na wawili kifungo cha miaka 41 kila mmoja. Kesi ilichukua miaka minne, na haikumfurahisha kila mtu. Lakini mashahidi walisikizwa na hukumu ikamwangukia mtu kwa kosa lake. Hapakuchomwa soko la mtu.

Ama msamaha, ni vyema ieleweke kwamba ni mali ya aliyekosewa. Mwandishi wa gazeti hawezi kuutoa kwa niaba ya mama aliyempoteza binti yake bwenini Garissa, wala padri hana haki ya kumharakisha. Hata hivyo wakazi wa Kaskazini Mashariki wanayo maarifa katika jambo hili ambayo sisi wa maeneo mengine tungefaa kujifunza. Mwaka 2005, ugomvi wa Wagarre na Wamurule ulipochacha, kijiji cha El Golicha, si mbali na Elwak, kilivamiwa na watu zaidi ya 20 wakauawa, wakiwamo wanawake na watoto. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa kuambiana tu kwamba yamepita. Wazee huketi, ukweli ukasemwa, na dia ikalipwa. Azimio la Modogashe la mwaka 2001 liliweka fidia ya ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa. Mtu anaweza kuukosoa utaratibu huo, hasa kwa kuwa uhai wa mwanamke ulikadiriwa kwa ngamia 50. Lakini umejengwa juu ya jambo ambalo mahubiri yetu mengi huliacha: msamaha bila kukiri na bila kufidia ni kumwomba aliyeumizwa anyamaze.

Aidha, Julai 2012, baada ya watu 17 kuuawa katika mashambulio ya makanisa mjini Garissa, viongozi wa Kiislamu walikubaliana kwamba vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa hayo. Huo ulikuwa msimamo uleule ulioonekana Elwak miaka mitatu baadaye: kukataa kuhesabiwa upande wa muuaji kwa sababu tu mnaswali kibla kimoja.

Hatudai kwamba basi la Elwak lilimaliza uovu. Desemba 2019, katika barabara za kaunti hizohizo, karibu na Kotulo, basi jingine lilisimamishwa na abiria wakatengwa na kuuawa. Januari 2020 walimu watatu kutoka nje ya eneo hilo waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na tume ya kuwaajiri walimu ikawahamisha wenzao wengi. Shule nyingi zikabaki bila walimu wa kutosha, na baadhi zikafungwa. Hapo ndipo penye deni la kweli la kisasi. Mtoto wa Elwak anayekaa darasani bila mwalimu hakumuua mtu yeyote, lakini ndiye anayelipa. Salah Farah alikuwa mwalimu. Kazi aliyoiacha haina budi kuendelea, na haitaendelea iwapo mwalimu kutoka Kakamega ataogopa kwenda Mandera na kijana wa Mandera ataogopa kutembea Nairobi.

Kwa hiyo tunawaomba mapadri na wachungaji, shambulio lingine likitokea, wasisome mstari wa jicho kwa jicho pasipo kumtaja Lameki, wala wasihubiri msamaha pasipo kudai haki kwa waliofiwa. Tunaiomba serikali iwafikishe wakosaji mahakamani mmoja mmoja, na iwafidie waliopigwa Elwak na waliochomewa mali Garissa, kwa maana dola inayodai toba kwa wengine yapaswa kuungama ya kwake. Na wewe msomaji, jirani yako atakapoitwa gaidi kwa sababu ya jina lake au nguo yake, kumbuka kwamba umeulizwa swali lilelile walioulizwa abiria wa Elwak. Wao walikuwa na bunduki vichwani na bado walijibu vema.