Mpeni Shosh Mvua Moja Kabla ya Tingatinga

Wacha niseme kitu ambacho kitamuudhi mjomba wangu, na najua anasoma hizi posti zangu hata kama huwa anajifanya hazioni. Kujenga fleti Riruta si dhambi. Watu wanatafuta nyumba, shamba ni la familia, na hiyo kodi ndiyo itamnunulia Shosh dawa. Lakini kufagia bustani ya miaka 30 kwa asubuhi moja, mwezi wa Januari, wakati ingeweza kuhamishwa Novemba kwa jembe na gunia? Huo ni uvivu tu. Nauandika hapa kwa sababu nyumbani nilijibiwa, "Hayo ni maua tu, wewe kijana."

Kwa wenye hawajui mtaa wetu: ploti nyingi huku ndani ni za urithi. Guka aligawia wanawe, wanawe wakagawia wao, hadi vipande vikawa vidogo kiasi kwamba njia pekee ya kugawana ni kwenda juu. Kwa hivyo geti lililokuwa na ua wa kayaba na bogenvilia leo, ukipita tena baada ya mwaka unakuta orofa sita na kamba za nguo. Katikati ya hizo picha mbili kuna siku moja ambayo hakuna mtu huizungumzia, siku ya kusafisha ploti. Tingatinga linaingia saa mbili, saa tano hakuna kitu kimesimama. Waridi, haibiskasi, mparachichi, vyote vinapakiwa kwenye lori moja na mabati ya choo cha zamani.

Kwa Shosh kuna kichaka cha azalea. Guka alikileta kutoka Limuru kikiwa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, mama yangu akiwa bado msichana wa shule. Sasa kinanifika kifuani. Kikichanua, hata wale jamaa wa kuuza mayai wanasimama kwa geti kuuliza ni maua gani hayo. Guka alishaondoka. Mjomba anasema atamnunulia Shosh mwingine pale Ngong Road kwa wauza miche, na ni kweli miche iko, mizuri hata. Lakini Shosh ana miaka zaidi ya 70. Mche wa kopo utamfika kifuani lini?

Na hapa ndipo naudhika zaidi, kwa sababu kati ya vichaka vyote vya pale nyumbani, azalea ndiyo rahisi kuhamisha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa hata nasomea kilimo, lakini hili halihitaji digrii. Azalea ni jamii ya rododendroni. Afrika haina rododendroni ya asili hata moja. Hiki ni kichaka cha kuletwa, asili ya jamaa zake wengi ni milima ya Asia. Kinapenda baridi kidogo na udongo wenye asidi, na ndiyo maana kilistawi kule Limuru. Mchai nao unapenda udongo wa aina hiyo hiyo. Hapa Riruta tuko juu ya usawa wa bahari karibu mita 1,800, udongo ni ule mwekundu unaochafua viatu, na kichaka kikajionea kiko nyumbani.

Siri iko kwa mizizi. Mizizi ya azalea ni myembamba kama nywele, imesongamana, na haiendi chini sana. Inatandaa kando. Kwa hivyo ukichimba kwa upana badala ya kina, inatoka na bonge lake la udongo karibu zima, kama keki kwenye sufuria. Mmea wenye mzizi mmoja mrefu unaoshuka kama msumari hauwezi kukufanyia hivyo. Ile kayaba ya kwa geti, kwa mfano, achana nayo. Ni kuu, ina miiba, itakuchana mikono na bado ife. Chukua mbegu zake uoteshe mpya. Bogenvilia nayo mizizi yake hukatika ovyo, kwa hivyo kata vijiti vya tawi lililokomaa, urefu wa penseli hivi, uchomeke kwenye udongo wenye mchanga. Lakini azalea, jamani, inataka tu kuhamishwa kwa heshima.

Heshima yenyewe ni wakati. Sasa tuko Septemba. Wiki hii mtu angeshika sepetu akate duara kuzunguka kichaka, bila kukitoa, halafu akiache. Mizizi iliyokatwa inaanza kuchipua mingine midogo ndani ya lile duara. Mvua za vuli zikishatulia, Novemba hivi, unakuja siku ya mawingu. Jioni iliyotangulia umeshamwagia maji hadi udongo ukashikana. Unachimba nje kidogo ya duara lako. Kwa kichaka cha kimo cha mita moja, bonge la sentimita 60 au 70 kwa upana na kama 30 kwenda chini linatosha. Unapitisha gunia chini yake, watu wawili wanashika pembe, mnabeba. Usivute shina! Nimeona watu wanavuta kichaka kama wanang'oa sukuma wiki, halafu wanasema mkono wa fulani si mzuri kwa mimea.

Shimo jipya liwe limechimbwa tayari, pana, na kichaka kikae kimo kile kile kilichokuwa. Ukikizika zaidi, mizizi inakosa hewa. Maji mengi, majani makavu juu ya udongo yasiguse shina, kivuli cha mchana kwa wiki chache. Na kitu kimoja ambacho kwa ploti ya ujenzi ni lazima: kiwe mbali na simiti. Pale mafundi wanapoosha karai na kumwaga maji ya saruji, udongo unapoteza asidi, na azalea itageuka njano hata ukiibembeleza vipi.

Sasa linganisha hiyo na Januari. Jua kali, hakuna mvua ya maana hadi Machi, mizizi haijaandaliwa, na dereva wa tingatinga analipwa kwa saa. Hapo hata mimi sitakudanganya, kichaka kitakufa.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii inajua vizuri kwamba miti huhama. Mnakumbuka mugumo wa Waiyaki Way? Mwaka 2020, wakati Expressway inajengwa, pale Westlands kulikuwa na mugumo wa karibu miaka 100, mrefu kama jumba la orofa nne. Mpango ulikuwa ung'olewe ukapandwe kwingine. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya mibuyu ya Kilifi, iliyochimbwa ili isafirishwe hadi Georgia, ile nchi ya kando ya Bahari Nyeusi. Novemba 2022 Rais William Ruto akaagiza uchunguzi wa kibali chake. Huko huko Georgia kuna filamu ya Salomé Jashi ya 2021, Taming the Garden, inayoonyesha mti mkubwa ukivuka bahari umesimama juu ya mashua, unaelekea kwenye bustani ya tajiri mmoja. Itafute uitazame usiku, hautalala.

Sitetei biashara ya mibuyu. Mbuyu ulikuwa mahali pake, na kama si tajiri kuutamani hakuna aliyekuwa anaufukuza. Lakini angalia: tajiri akitaka mti, kreni inapatikana, meli inapatikana, wataalamu wanapanda ndege. Shosh akitaka kichaka cha kifuani kisogezwe mita 20 hadi kando ya tangi la maji, anaambiwa ni maua tu.

Mjomba ana hoja moja ya maana, kwamba mkandarasi akishaingia hatavumilia vichaka vya watu njiani. Sawa. Ile kona ya nyuma karibu na tangi haiko kwenye ramani ya jengo. Nimeiangalia hiyo ramani mwenyewe. Na kama kona itakosekana, kuna pipa. Azalea inakubali kuishi ndani ya chombo: kata pipa katikati, toboa mashimo chini, jaza udongo mwekundu na majani yaliyooza. Likae kwa mama Kawangware hadi mafundi wamalize. Hoja nyingine, ati kinaweza kufa hata kikihamishwa vizuri, nakubali pia. Kinaweza. Tofauti ni kwamba Shosh atakuwa alikiona kikijaribu.

Ombi langu kwa wenye ploti ni dogo: kabla hamjaita tingatinga, tangazeni mapema, mvua moja kabla. Pitisheni neno kwa majirani, mwenye kutaka waridi aje na jembe lake. Na nyinyi wapangaji, ongeeni na mwenye nyumba kwanza, msije mkaitwa wezi kwa sababu ya mche.

Mimi Jumamosi niko kwa Shosh na sepetu, naanza lile duara. Mjomba, ukiwa karibu pitia, kuna chai. Na kama uko Riruta, Waithaka au Kawangware na ploti yenu inasafishwa mwaka ukianza, niandikie. Sepetu ninayo, gunia mtaleta.