Meli kubwa isiyo na pa kutua ni stoo tu

Kila wiki lazima mtu aniulize swali lile lile la Elite Dangerous: "Buda, niweke akiba ninunue Type-9?" Jibu langu ni hapana. Nunua meli ya kati. Na kama umekulia Garissa, sababu unaijua tayari.

Kwa wale hawachezi: hii ni gemu ya anga iliyotoka 2014, ya Frontier Developments, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Unapewa kameli kadogo na galaksi nzima yenye mifumo ya nyota karibu bilioni 400, halafu unaachwa utafute riziki. Kuna wenye huwinda maharamia, kuna wenye ni maharamia. Mimi nabeba mizigo. Nanunua mahali bei iko chini, nauza mahali iko juu. Biashara ya kawaida kabisa.

Pedi za kutua ni za saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Type-9 inabeba zaidi ya tani 700, na hiyo namba ndiyo hupofusha watu. Vile vituo vidogo vya pembeni havina pedi kubwa hata moja. Umebeba tani 700, umefika mlangoni, na huwezi kushuka. Type-7 ndiyo inanimaliza kabisa: tani 300 hivi tu, na bado inadai pedi kubwa. Type-8, iliyokuja 2024, inabeba kama 400 na inatua kwa pedi ya kati. Sasa niambie mjanja ni nani hapo.

Angalia biashara ya mbuzi huku kwetu. Kutoka soko la mifugo la Garissa hadi Nairobi, lori kubwa ni sawa, lami iko. Lakini mbuzi hawazaliwi kwa lami. Wanatoka Balambala, wanatoka Hulugho, na mvua ikinyesha hizo barabara unazijua. Mwenye atawafikia ni mwenye gari la saizi ya Canter. Ndiyo maana mzee akitaka kununua gari la mizigo, kabla aulize tani anauliza litapita wapi. Mafuriko ya 2023 na 2024 yalipokata barabara pale Madogo, ukubwa wa lori haukumsaidia mtu.

Halafu kuna bima. Meli ikilipuliwa, unalipa asilimia 5 ya bei yake ndio urudishiwe, na mzigo umeenda. Type-6 ni kama kredi milioni 1, kwa hivyo unalipa elfu 50 hivi. Type-9 inapita milioni 70. Piga hesabu mwenyewe, na ukumbuke mzigo wenyewe ulinunua na pesa yako.

Najua mtasema Type-9 ina faida kubwa kwa safari moja. Kweli. Ukiwa na njia nzuri kati ya vituo viwili vikubwa, wacha ifanye kazi yake. Lakini hapo umejifunga kwa hiyo njia. Bei ikianguka, mwenye meli ya kati anageukia kituo chochote, wewe unabaki kutafuta pa kutua. Na hii gemu haifunguki bila intaneti hata ukicheza peke yako. Kila dakika unazunguka bure, bando linaisha. Wallahi hiyo inauma kuliko maharamia.

Kwa hivyo ushauri wangu: anza na Type-6, inapita tani 100 ukiipanga vizuri. Ukitaka kubeba tu, panda hadi Type-8. Ukitaka kubeba na kupigana, chukua Python, ambayo bado inaweza kupita tani 250.

Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu presha ya kununua kikubwa haiko kwa gemu pekee. Niliacha chuo, na kuna watu hunipima kwa kile sina: digrii, ofisi, nyumba Nairobi. Mimi nauliza kile mzee wa mbuzi anauliza. Hii kitu itatua wapi? Video zangu nazitengenezea hapa hapa Garissa, na zinalipa bando na kodi ya nyumba. Kikubwa nitanunua siku nikiona pedi yake.

Timu Type-9, leteni hesabu, si matusi.