Gari Haliendi kwa Maji: Hesabu Ambayo Muuzaji Hakuonyeshi

Kila petroli inapopanda bei, maji nayo hupata wauzaji. Julai 2008, pipa la mafuta lilipogonga dola 147, intaneti ilijaa vifaa vya "HHO": mtungi, vibamba vya chuma, maji yenye kemikali na nyaya mbili za kwenda kwa betri. Oktoba 2023 EPRA ilipoweka lita moja Nairobi kuwa shilingi 217.36, nilijua wimbo ungerudi. Dereva mmoja wa matatu hapa Machakos ameniuliza kama anunue. Ndugu yangu, usinunue! Wala usiniamini kwa sababu nina digrii ya kompyuta. Chukua kalamu.

Mtungi hupasua maji kwa umeme yakawa hidrojeni na oksijeni, gesi ikaingia kwenye injini. Sawa, hiyo ni sayansi ya sekondari. Lakini umeme umetoka wapi? Kwa alteneta. Alteneta inazungushwa na nini? Injini. Na injini inakula nini? Petroli!

Tuseme mtungi wa seli sita unavuta ampia 15 kwa volti 13.8, yaani wati 200 hivi. Utapata karibu lita moja ya gesi kwa dakika, ambayo ikiungua hutoa wati 110 hivi za joto. Sasa, alteneta hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, na injini hugeuza kama robo tu ya nishati ya petroli kuwa nguvu. Kwa hiyo wati 200 za umeme zimekugharimu petroli ya wati 1,600. Unatoa 1,600 upate 110. Hata shylock ana huruma kuliko hapo.

Na gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100, likienda kasi ya 80 barabara ya Mombasa, huchoma petroli ya kilowati 57 hivi. Wati 110 humo ni kikombe cha maji katika bwawa la Maruba.

Akibanwa, muuzaji hubadilisha hadithi: eti gesi husaidia petroli kuungua yote. Injini nzima ya kisasa tayari huunguza zaidi ya asilimia 95 ya petroli yake. Kinachopotea ni joto, kupitia rejeta na ekzosi, na mtungi haulirudishi.

Kinachonikera zaidi mimi, mtu wa programu, ni kile kisanduku kinachouzwa pamoja na baadhi ya mitungi. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta ya injini kuhusu oksijeni iliyo kwenye moshi, ili ipunguze petroli. Programu haijui imedanganywa. Inatii tu namba inazopewa. Utaona nafuu kidogo kwenye tangi, halafu injini ianze kugonga, ichemke, na valvu ziungue. Fundi atakayezibadilisha hatalipwa na muuzaji.

Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, alidai gari lake linaendeshwa kwa maji. Mwaka 1996 mahakama iliamua kuwa ni ulaghai na kumwamuru arudishe dola 25,000 za wawekezaji wawili.

Hidrojeni yenyewe si uongo. Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani Septemba 2023, lakini huko umeme wa kupasua maji unatokana na mvuke wa ardhini, jua na upepo. Hautokani na tangi lako.

Wauzaji, nina ombi moja. Leteni jenereta ndogo, liwashwe kwa petroli, lipasue maji, kisha mfunge petroli liendelee kunguruma kwa gesi yake lenyewe. Likimaliza saa moja, nanunua mitungi miwili.